Greenland: nani alifika, nani alitoweka, nani alibaki. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Donald Trump aseme mwaka 2019 kwamba Marekani ingependa kuinunua Greenland, kisiwa kilicho ndani ya ufalme wa Denmark, na kulirudia jambo hilo kwa ukali zaidi mwaka 2025, kisiwa hiki kimekuwa kikijadiliwa kana kwamba hakina wenyewe. Wenyewe wapo. Watu walianza kuishi huko zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ingawa si watu walewale: kuna waliofika wakatoweka, wakaja wengine, nao wakatoweka. Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu kisiwa hiki, ukiyachimba, yanarudi kwenye jambo moja: maisha huko yanaitegemea bahari.

Kama kote ni barafu, watu wanaishi wapi?

Si kote. Greenland ina kilomita za mraba zipatazo milioni 2.16, zaidi ya mara mbili ya Tanzania, na takriban asilimia 80 yake imefunikwa na barafu ya kudumu, mahali pengine yenye unene wa kilomita 3. Kinachobaki ni ukanda wa pwani wenye milima na fiodi, yaani mahori marefu ya bahari yanayopenya kati ya milima. Watu wote, ambao hawafiki 60,000, wako kwenye ukanda huo, na wengi wao wako kusini-magharibi ambako maji ya bahari yana uvuguvugu kidogo. Hakuna barabara inayounganisha mji na mji. Ukitoka Nuuk, mji mkuu, kwenda Ilulissat, unapanda ndege au meli.

Nani alifika kwanza?

Wawindaji wadogo kwa idadi waliovuka kutoka visiwa vya kaskazini mwa Kanada, mnamo mwaka 2500 kabla ya Kristo. Asili yao ilikuwa Siberia. Wanaakiolojia wanawagawa makundi mawili kutokana na vifaa walivyoacha. Kundi la Independence lilikaa kaskazini kabisa, Peary Land, ambako jua halichomozi kwa miezi kadhaa ya mwaka. Huko waliwinda zaidi ng'ombe wa miski, mnyama mwenye manyoya marefu anayestahimili baridi kali. Kundi la Saqqaq lilishika pwani ya magharibi, hasa ghuba ya Disko, likiishi kwa sili (mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi), ndege, samaki na reindia (aina ya kulungu wa nchi za baridi).

Mmoja wa watu wa Saqqaq tunamfahamu kwa undani wa kushangaza. Kishungi cha nywele zake kilichimbuliwa Qeqertasussuk katika miaka ya 1980 kikawekwa stoo ya makumbusho. Mwaka 2010 timu ya Eske Willerslev na Morten Rasmussen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ikasoma vinasaba vyake karibu vyote, mara ya kwanza jambo hilo kufanyika kwa binadamu wa kale. Aliishi miaka 4,000 hivi iliyopita, macho yake yalikuwa ya kahawia, na vinasaba vilionyesha kwamba angeelekea kupata upara. Ndugu zake wa karibu zaidi walio hai leo ni Wachukchi na Wakoryak wa mashariki ya mbali ya Urusi.

Basi hao ndio mababu wa Wainuit, wenyeji wa Greenland wa leo?

Hapana, na hili ndilo linalowashangaza wengi. Utafiti mwingine wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu hao wa kwanza, pamoja na wa utamaduni wa Dorset waliowafuata, walikuwa ukoo mmoja uliodumu kwenye Aktiki kwa takriban miaka 4,000 bila kuchanganyika na majirani, kisha ukapotea miaka 700 hivi iliyopita. Hata katika kipindi hicho kirefu hawakuwa Greenland mfululizo. Zilipita karne kadhaa ambazo sehemu kubwa ya kisiwa, pengine kisiwa kizima, haikuwa na mtu.

Wa-Dorset walichonga sanamu ndogo za dubu na za nyuso za watu, kwa ustadi ambao wachongaji wa leo bado wanauonea wivu. Ila hawakuwa na upinde, wala hawakuwa na keekee. Walimvizia sili penye tundu la barafu.

Sasa Wainuit wenyewe walitoka wapi?

Alaska. Utamaduni wao wa zamani unaitwa Thule. Walianza kusonga mashariki wakipita kaskazini mwa Kanada, na walifika Greenland karibu na mwaka 1200, kwa safari iliyochukua vizazi vichache tu. Walikuja na vyombo vingi ambavyo Wa-Dorset hawakuwa navyo. Walikuwa na kayaki, mtumbwi mwembamba wa ngozi wa mtu mmoja, na umiaki, mashua kubwa ya ngozi inayobeba familia, mbwa na mizigo. Walikuwa na sleji za kukokotwa na mbwa, na upinde. Zaidi ya yote walikuwa na chusa ambacho kichwa chake kinachomoka na kugeuka ndani ya nyama, kikiwa kimefungwa kwa kamba kwenye boya la ngozi ya sili. Kwa chusa hicho na umiaki mtu anaweza kumwandama nyangumi mkubwa, na nyangumi mmoja analisha kijiji majira yote ya baridi.

Baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba moja ya vitu vilivyowavuta ni chuma. Huko Cape York, kaskazini-magharibi, vilianguka vimondo vya chuma, na watu walivimega vipande wakavitwanga baridi bila kuyeyusha, wakapata makali ya visu na vichwa vya vyusa. Kipande kikubwa kuliko vyote kina uzito wa tani 31, kizito kuliko kile kimondo chetu cha Mbozi. Hutakikuta Greenland, maana mpelelezi Mmarekani Robert Peary alikibeba mwaka 1897 na sasa kimo kwenye jumba la makumbusho New York. Mwaka huohuo alibeba na Wainuit sita. Wanne walikufa muda mfupi baada ya kufika, na mifupa yao ilirudishwa kuzikwa Qaanaaq mwaka 1993 tu.

Mtu anaishije mahali pasipoota mti wala mahindi?

Kwa mnyama. Sili alikuwa chakula, nguo, mashua, hema, kamba na taa. Mafuta yake yaliwaka kwenye taa ya jiwe laini iliyochongwa, yenye utambi wa majani makavu au ndago za kinamasi, nayo ikatosha kupasha nyumba, kuyeyusha barafu ya kunywa na kukausha nguo. Mbao zilikokotwa na bahari: magogo yaliyong'olewa na mito ya Siberia yalielea miaka kadhaa kwenye barafu hadi yakatupwa ufukweni Greenland. Kiunzi cha kayaki kilitoka huko.

Wengi huuliza walipataje vitamini C bila matunda. Ngozi ya nyangumi ikiliwa mbichi pamoja na mafuta yake, chakula kiitwacho mattak, ina vitamini hiyo kwa wingi, na bado ni kitoweo cha heshima. Mwili nao ulijirekebisha. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba Wainuit wa Greenland wana mabadiliko kwenye jeni zinazoshughulikia mafuta, yaliyojijenga kwa vizazi vingi vya kula wanyama wa baharini.

Kuhusu mavazi, ushahidi bora ni wa Qilakitsoq. Mwaka 1972 ndugu wawili waliokuwa wakiwinda walikuta makaburi chini ya mwamba yenye miili minane, wanawake sita na watoto wawili, iliyokaushwa na baridi tangu karibu mwaka 1475. Walikuwa wamevaa koti za ndani za ngozi za ndege, manyoya yakigusa mwili, na koti za nje za sili. Baadhi yao wako kwenye makumbusho ya taifa mjini Nuuk, akiwemo mtoto mchanga ambaye picha yake imezunguka dunia.

Waliishi kwenye nyumba za theluji?

Mara chache, hasa safarini kaskazini. Nyumba ya baridi ilijengwa kwa mawe na mabonge ya udongo wenye majani, na mlango wake ulikuwa njia ya chini ya kutambaa ili hewa ya moto isitoroke. Majira ya joto walihamia mahema ya ngozi.

Na Wazungu, walifika lini?

Kabla ya Wainuit wa Thule, jambo ambalo pande zote mbili za mijadala ya mitandaoni hupenda kulisahau au kulikuza. Erik the Red alifukuzwa Iceland kwa miaka mitatu kutokana na mauaji, mwaka 982 hivi, akautumia muda huo kuipeleleza Greenland. Aliporudi aliipa jina la kuvutia ili apate wafuasi, na mwaka 985 au 986 merikebu 25 zikang'oa nanga. Masimulizi ya Kiisilandi yanasema zilizofika ni 14.

Watu hao, wanaoitwa Wanorse, walijenga makazi mawili: la Mashariki, ambalo kwa kweli liko kusini karibu na Qaqortoq ya leo, na la Magharibi, ndani ya fiodi za eneo la Nuuk. Sehemu hizo hazikuwa na mtu walipofika. Walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, wakajenga makanisa, wakapata askofu wao mwaka 1126 aliyekaa Garðar, na mwaka 1261 wakakubali kuwa chini ya mfalme wa Norwei. Makadirio ya kawaida ni kwamba walipokuwa wengi zaidi walifika watu 2,000 hadi 3,000. Kutoka huko baadhi yao, akina Leif Eriksson, mwana wa Erik, walivuka hadi Newfoundland, Kanada. Magogo yaliyokatwa na watu hao L'Anse aux Meadows yamepimwa, na mwaka wa kukatwa ni 1021 kamili.

Kwa nini Wanorse walitoweka baada ya miaka 450?

Jibu la zamani lilikuwa fupi: baridi iliongezeka, wakang'ang'ania ng'ombe badala ya kujifunza kula sili, wakafa njaa. Hadithi hiyo inapendwa kwa sababu inafundisha, lakini mifupa inaikataa. Uchunguzi wa kaboni kwenye mifupa yao unaonyesha kwamba kadiri miaka ilivyokwenda chakula chao kilizidi kutoka baharini. Majalala yao yamejaa mifupa ya sili. Walijirekebisha, tena sana.

Kilichowaangusha kinaelekea kuwa mambo kadhaa yaliyogongana, na mimi naipa uzito biashara kuliko hali ya hewa. Greenland ilikuwa mbali mno na Ulaya, na haikuwa na bidhaa ya maana ila moja: pembe za walarasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu. Kila majira ya joto wanaume walipiga makasia mamia ya kilomita kwenda ghuba ya Disko na zaidi kumwinda. Pembe hizo ndizo zilizolipa chuma, nafaka na vitu vya kanisa. Hata zaka iliyopelekwa kwa Papa mwaka 1327 ililipwa kwa pembe. Vinasaba vya pembe zilizokutwa Ulaya vinaonyesha kwamba kuanzia karne ya 12 nyingi zilitoka upande wa Greenland, na kwamba baadaye wawindaji walilazimika kwenda kaskazini zaidi na kuua wanyama wadogo zaidi, dalili kwamba wakubwa walikuwa wamekwisha.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Kuanzia karne ya 13 mafundi wa Paris na kwingineko walianza kupata pembe za ndovu kutoka Afrika kwa wingi kuliko awali. Pwani ya Waswahili ilikuwa ikiuza pembe karne nyingi kabla ya hapo. Al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanj zilikwenda Oman, na kutoka huko India na China. Wanahistoria wa sanaa wanaona kwamba baadhi ya zilizofika Ulaya zilipita bandari za Afrika Mashariki, Bahari ya Shamu na Misri. Ni kiasi gani hasa pembe ya ndovu iliiua pembe ya walarasi bado ni mjadala, lakini aliyekuwa na uwezo wa kuchagua alichukua ya ndovu, iliyo kubwa na nyeupe ndani yote. Basi mtu wa Kilwa na mkulima wa Garðar walikuwa washindani sokoni bila kila mmoja kujua kwamba mwenzake yupo.

Juu ya hayo, tauni ilifyeka Norwei mwaka 1349 na merikebu zikaadimika. Makazi ya Magharibi yalikwisha karibu na wakati huo. Kasisi Ívar Bárðarson, aliyetumwa kutoka Norwei, anasemekana kukuta huko mifugo bila watu. Askofu wa mwisho kuishi Greenland alifariki katika miaka ya 1370. Habari ya mwisho iliyoandikwa ni ya arusi, Septemba 1408, kwenye kanisa la Hvalsey. Kuta za kanisa hilo bado zimesimama. Maharusi walihamia Iceland, na huenda ndivyo walivyofanya vijana wengi wengine, mmoja mmoja, hadi katikati ya karne ya 15 asibaki mtu.

Hawakuuawa na Wainuit?

Kumbukumbu za Iceland zinataja mapigano ya mwaka 1379 ambapo Wanorse 18 waliuawa na wavulana wawili wakatekwa. Hilo ni tukio, si maangamizi. Vitu vya Wanorse, hadi vipande vya deraya, vimekutwa kwenye nyumba za Wainuit mbali sana kaskazini, kwa hiyo kulikuwa na kubadilishana, kuokota, au vyote.

Denmark iliingiaje?

Kwa kuwatafuta wafu. Mchungaji Hans Egede alishuka karibu na Nuuk mwaka 1721 akitumaini kuwakuta Wanorse ambao hawajasikia habari za Matengenezo ya Kanisa. Hakumkuta hata mmoja, akawahubiria Wainuit. Mwaka 1733 ndui ikaletwa kutoka Denmark na kuua watu wengi mno kwenye eneo hilo. Kuanzia mwaka 1776 biashara yote ikawa mikononi mwa kampuni moja ya kifalme, na mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali, hali iliyodumu hadi 1950.

Kampuni ilitaka mafuta na ngozi za sili, hivyo ikawataka watu waendelee kutawanyika pwani na kuwinda. Likumbuke hilo, kwa sababu karne ya 20 amri iligeuzwa kinyume kabisa.

Je, pwani nzima ilikuwa chini ya Denmark?

La. Kaskazini-magharibi, Wainughuit, yaani Wainuit wa upande huo, walikuwa wametengwa na wengine kiasi kwamba maradhi yalipowaua wazee wao walipoteza ujuzi wa kutengeneza kayaki na upinde. Katika miaka ya 1860 mganga Qitdlarssuaq aliongoza kundi kutoka kisiwa cha Baffin, Kanada, akawakuta, na wageni hao wakawafundisha upya. Hayo ndiyo mahamio ya mwisho ya Wainuit kutoka Kanada kwenda Greenland. Upande wa mashariki, Gustav Holm aliwakuta watu wapatao 400 Ammassalik mwaka 1884. Mwaka 1925 familia kutoka huko zilipelekwa kaskazini kuanzisha Ittoqqortoormiit. Wanyama walikuwa tele, ni kweli, lakini Denmark pia ilihitaji watu mahali hapo kwa sababu Norwei ilikuwa ikiidai pwani hiyo. Mahakama ya kimataifa ya The Hague iliipa Denmark ushindi mwaka 1933.

Ni kweli watu walihamishwa kwa nguvu?

Ndiyo, na zaidi ya mara moja. Mwaka 1953 Wainughuit wa Uummannaq, karibu na kambi ya kijeshi ya Marekani ya Thule, walipewa siku chache tu kuondoka. Walihamia Qaanaaq, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, wakakaa kwenye mahema hadi nyumba zilipojengwa. Mahakama za Denmark zilikuja kuwapa fidia miaka mingi baadaye, lakini hazikuwarudishia ardhi.

Miaka miwili kabla, watoto 22 walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao wakapelekwa Denmark kufanywa mfano wa Wagreenland wapya. Serikali ya Denmark iliomba radhi mwaka 2020. Halafu kuna wanawake na wasichana waliowekewa kitanzi cha uzazi, wengi bila ridhaa wala kuelezwa, katika miaka ya 1960 na 1970. Maelfu waliguswa, na radhi ya suala hilo ilikuja mwaka 2025.

Kulikuwa pia na uhamisho usio na bunduki wala amri ya siku chache. Bahari ilipata joto katika miaka ya 1920 na chewa wa nchi za baridi (cod) wakaja kwa wingi. Serikali ikaona mustakabali uko kwenye viwanda vya samaki, na viwanda vinahitaji watu mahali pamoja. Vijiji vikanyimwa shule na maduka mapya, na watu wakasukumwa kwenye maghorofa ya mijini. Jengo moja la Nuuk, Blok P, liliwahi kuwa na takriban asilimia 1 ya watu wote wa Greenland. Lilibomolewa mwaka 2012. Mji wa makaa ya mawe wa Qullissat ulifungwa mwaka 1972 na watu wake wakasambazwa. Kisha bahari ikapoa, chewa wakaondoka, na uchumi ukahamia kwenye uvuvi wa kambamiti.

Marekani imeshawahi kutaka kuinunua kabla ya Trump?

Mwaka 1946 ilitaka kuinunua kwa dola milioni 100. Denmark ilikataa.

Leo nani anatawala?

Ukoloni ulikoma kisheria mwaka 1953, Greenland ilipofanywa sehemu ya ufalme wa Denmark. Utawala wa ndani ulianza tarehe 1 Mei 1979. Mwaka 1985 kisiwa kilijitoa kwenye Jumuiya ya Ulaya, sababu kubwa ikiwa haki za uvuvi. Tangu tarehe 21 Juni 2009 kina mamlaka makubwa zaidi, Kigreenland ndiyo lugha rasmi, na sheria inawatambua kuwa taifa lenye haki ya kujitawala wakiamua. Ulinzi na sera ya nje bado viko Copenhagen.

Joto la dunia linabadilisha nini kwenye makazi?

Kusini, wafugaji wa kondoo wanalima viazi kwenye mashamba yaleyale ya Wanorse, na eneo hilo, Kujataa, liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Kaskazini barafu ya bahari inachelewa kuganda na sleji za mbwa zinakosa njia. Majalala ya kale kama ya Qajaa, yaliyohifadhi mbao, ngozi na mifupa ya Wasaqqaq kwa kuwa yameganda, yako hatarini kuyeyuka na kuoza.

Naweza kuhamia huko?

Raia wa nchi za Nordiki (Denmark, Norwei, Sweden, Finland na Iceland) wanaingia na kukaa bila kibali. Wengine wote wanahitaji kibali kinachotaja Greenland kwa jina. Viza ya Schengen au kibali cha kuishi Denmark peke yake havitoshi. Kazi zipo, hasa kwenye viwanda vya samaki, hoteli na hospitali, na Wafilipino na Wathai tayari wameunda jumuiya zao Nuuk. Nyumba ndizo adimu: foleni ya nyumba za umma mjini humo huchukua miaka, kwa hiyo uliza kwanza kama mwajiri anatoa pa kuishi.